Uchambuzi wa kisa: 240Z ya marehemu mzee, injini iliyolala stoo, na bei iliyokaribia kupotea

Kisa hiki ni cha familia moja ya Pwani ya Kenya. Majina nimeyatoa, mji nimeutoa, namba ya gari na namba ya chasisi siandiki hapa, na hela zote nimeziweka kwa uwiano: ofa ya kwanza waliyopewa tuiite 100, zingine zote zisome ukilinganisha na hiyo. Mimi niliitwa kukagua gari, baadaye nikabaki kusimamia kazi. Familia wamekubali niandike manake kuna magari mengi ya aina hii bado yamekaa nyuma ya nyumba za wazee wetu, na yanaondoka kwa bei ya kutupa kila mwaka.

Gari na wenyewe

Gari ni Datsun 240Z, chasisi inaanza na HS30. Hizo herufi si za kupita tu, HS30 maanake usukani wa kulia na injini ya L24. Zilizoenda Marekani ni HLS30, na 260Z ya usukani wa kulia ni RS30, kwa hivyo ukiona mtu anauza "240Z" halafu chasisi inasoma RS30 ujue anakuuzia gari ingine. Z ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, za kuuzwa nje zikaanza 1970. L24 ni silinda sita za mstari, cc 2,393, kemshafti moja juu, kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU.

Kwetu hii gari ilijengewa jina na Safari Rally. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, wa pili wakawa Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao kwa 240Z. 1973 Mehta akashinda na Lofty Drews, mwaka ule pointi zilifungana na za Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800SSS ikabidi wavunje sare. Gari za kiwanda zilikuwa nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa. Shika hiyo rangi akilini, tutairudia.

Marehemu mzee aliinunua mkononi kwa mtu, akaitumia miaka mingi, miaka ya tisini ikaegeshwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, bahari iko karibu hapo, upepo wa chumvi unaingia mchana na usiku. Mzee akafariki, akaacha mama na watoto wanne. Dada mkubwa ndiye aliyebeba shughuli za mirathi. Kitinda mimba alikuwa na deni linamkaba na alitaka gari iuzwe jana.

Broka, na ile hadithi ya Safari

Broka alifika kabla hata mirathi haijafunguliwa. Alifungua boneti akaonyesha watoto injini: hii si ya gari hii, hii ni ya Nissan Patrol, gari imeshachezewa, mabaki haya, nawapa 100 leo leo kesh na karatasi nitamalizana nazo mwenyewe. Kwa wanaotaka kipimo, hiyo 100 ni kama bei ya Vitz ya mtumba iliyotumika sana.

Kuhusu injini hakudanganya. Ilikuwa L28 kweli, cc 2,753, ndiyo iliyokuja kwenye Patrol za petroli za miaka ya themanini, na inaingia kwenye 240Z bila shida kubwa kwa sababu ni ukoo mmoja wa injini za L, Datsun na Nissan ni kampuni moja. Mafundi wengi walifanya hivyo L24 ikichoka, spea za Patrol zilikuwa zinapatikana kila mahali.

Upande wa pili familia walikuwa na hadithi yao inayovuta bei juu. Gari ni nyekundu, boneti nyeusi, na mzee alikuwa akiwaambia wageni kwamba hii ilikimbia Safari. Kaka wa pili alikuwa ameshaanza kuongea na watu wa nje kwamba wana gari ya kiwanda iliyoshiriki 1973. Kwa hivyo tulikuwa na hadithi mbili, moja inashusha na moja inapandisha, na hakuna aliyekuwa amelala chini ya gari na tochi.

Uamuzi wa kwanza: hakuna kuuza

Huu aliufanya dada mkubwa, na mimi namheshimu sana kwa huo. Alimuuliza wakili swali moja tu, naruhusiwa kuuza? Jibu ni kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Cap 160, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu kabla hujapewa mamlaka na mahakama. Yaani hata kama ndugu wote wanne wamekubali na mama amekubali, bila barua za usimamizi wa mirathi huna cha kuuza, na anayenunua hana alichonunua, kwa sababu kuhamisha umiliki pia kunadai hizo karatasi. Hapo ndipo ile sentensi ya broka kwamba karatasi atamalizana nazo mwenyewe ilipopata maana yake.

Kitinda mimba alikasirika. Mama akamwita akamwambia, "Mwanangu, gari ya babako haikimbii, na deni lako tutalitafutia njia." Wakamkopesha kwenye hela ya kodi ya nyumba ya familia, wakaandikiana, itakatwa kwenye fungu lake. Nalitaja hili kwa sababu bila hiyo hela ndogo gari ingeondoka usiku, nimeona ikitokea kwa familia zingine.

Ukaguzi: tulichokuta

Nilianza na namba kabla sijagusa bati. Kwenye 240Z namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, na kuna kibati ndani ya boneti ambacho kina namba ya chasisi pamoja na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Vyote viwili vilikuwepo na chasisi ililingana na logibuku ya zamani. Na logibuku bado ilikuwa na namba ya injini ile ile ya kwenye kibati, yaani L24. Alipobadilisha injini mzee hakuwahi kuandikisha. Kwa karatasi, gari ilikuwa na injini ambayo haiko ndani.

Nikauliza, injini ya kwanza ilienda wapi? Hakuna aliyejua. Mama ndiye aliyesema kuna chuma kikubwa stoo chini ya magunia ya makuti, mzee alikuwa akikataza kisiuzwe kwa watu wa skrepa. Tukatoa magunia. Namba ya L24 imegongwa upande wa kulia wa bloku, chini kidogo ya hedi, upande wa plagi. Tulisugua kutu kwa brashi ya waya polepole, tarakimu zikatokea moja moja, na zililingana na kibati. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akalia.

Pamoja na injini kulikuwa na kabureta moja ya Hitachi kati ya mbili, manifodi yake, na sanduku la nati. Kabureta ya pili hatukuipata.

Halafu hadithi ya Safari. Logibuku inaonyesha gari iliandikishwa Kenya mara ya kwanza kwa mtu binafsi, na bado ina namba yake ya zamani, ile isiyo na herufi mwishoni. Gari za kiwanda zilikuja na usajili wa Japani. Hakukuwa na alama za roli keji (yale mabomba ya kumlinda dereva gari ikipinduka), hakukuwa na uimarishaji pale juu shoku zinaposhikia, hakuna matundu ya taa za ziada yaliyozibwa. Nikalala chini ya dashibodi na tochi, pale ambapo mpiga rangi hafiki, nikakuta nyeupe, na kibati cha rangi kikasoma 904, nyeupe ya Datsun. Gari ilitoka nyeupe, mtu aliipaka nyekundu na boneti nyeusi kwa mapenzi ya rally. Nikamwambia kaka wa pili aache kabisa kuitangaza kama ya kiwanda, na akaacha.

Sasa bati. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu bei ya Z nyingi inafia hapa. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, upitishe kwenye bati, pale isiposhika kuna fila, ile dawa ya kuzibia bati. Kwenye hii gari sumaku iliteleza kwenye kona zote mbili za chini mbele ya magurudumu ya nyuma, kwenye madigadi za mbele nyuma ya tairi, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Hayo ni ya kuonekana. Mabaya zaidi yako chini: zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu ndizo zinazobeba gari, na zinaoza kutoka ndani kwa ndani, ukigonga na bisibisi inaingia. Chini ya betri asidi ilikuwa imekula trei, ikashuka kwenye reli ya mbele. Vizingiti vya milango pande zote mbili vilikuwa ni kutu iliyoshikwa na rangi. Kwenye shimo la tairi ya spea maji yalikuwa yametuama miaka.

Lakini kulikuwa na habari njema pia. Pale juu shoku zinaposhikia palikuwa pazima, nguzo za paa nzima, paa lenyewe zima, na ukuta wa nyuma ya injini mzima. Hizo sehemu zikioza kazi inakuwa mara mbili, na wakati mwingine mimi humwambia mtu asianze.

Bei kabla ya kazi

Familia walitaka namba moja, nikawapa makadirio ya hali tatu. Mwanzoni mwa 2020 240Z moja iliuzwa Marekani kwa dola 310,000 kwenye mnada wa mtandaoni, na kila mwenye Z amesikia hiyo stori. Ile ilikuwa na maili chache mno na haijawahi kubomolewa, ukiitumia kupima gari iliyooza vizingiti unajidanganya. Nilitafuta mauzo ya HS30 za usukani wa kulia Uingereza na Australia, zilizouzwa kweli, siyo bei za tangazo, nikazigawa kwa hali: mradi wenye kutu, gari inayotembea, gari iliyorudishwa vizuri. Halafu nikatoa gharama za meli, ukaguzi, na hela ambayo mnunuzi wa nje anajiwekea kwa kununua kitu akiwa mbali.

Ikiwa na L28 tu na injini yake imepotea, nilikadiria 150. Ikiwa na L24 yake iliyokufa lakini ipo, na karatasi safi, 220. Ikirudishwa vizuri na injini yake ndani, kati ya 650 na 750. Kwa hiyo kile chuma cha stoo peke yake, kikiwa hakizunguki hata, kilikuwa na thamani ya 70, na wiki chache kabla kuna mtu alikuwa amekiulizia kwa kilo.

Maamuzi ya kazi na sababu zake

Walikaa kikao cha familia, dada mkubwa akaandika. Waliamua kutouza, warudishe gari kwa awamu, na kila awamu isianze mpaka ya nyuma ilipiwe. Walichoshindania sana ni rangi. Kaka wa pili alitaka nyekundu ibaki kwa sababu ndiyo gari waliyoijua utotoni, dada akataka nyeupe ya 904. Nilisema maoni yangu wazi: rangi ya kiwandani inaongeza thamani na nyekundu ya rally bila historia ya rally itafanya kila mnunuzi awashuku. Lakini pia nilisema hiyo ni gari yenu, kama hamtauza kamwe bei isiwatawale. Mama akaamua nyeupe.

Uamuzi wa pili ulikuwa L24 irudi ndani hata kama L28 inawaka na ina nguvu zaidi. Sababu mbili, thamani na karatasi. Kubaki na L28 kungedai kuandikisha mabadiliko ya injini na gari kukaguliwa, na hapo rekodi yenyewe ingetenganisha gari na injini yake. Kuirudisha L24 kunafanya logibuku iwe kweli tena bila kubadilisha neno.

Wa tatu, kila nyongeza ya kisasa iwe inaweza kung'olewa bila kuacha tundu. Relei za taa tuliweka, kwa sababu kwenye hizi gari umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, linapata moto mpaka plastiki inayeyuka, na letu lilikuwa limeshayeyuka pembeni. Waya za relei zimechomekwa kwenye soketi za asili, hakuna waya uliokatwa. Hapohapo tukakataa kukata dashibodi kwa ajili ya redio mpya, na nyufa za dashibodi tukaziacha. Karibu kila Z ina nyufa hizo juani, kifuniko cha bei rahisi juu yake kinaonekana vibaya kuliko ufa.

Kazi ilivyoenda

Bodi ilienda kwa fundi wa kwanza ambaye alisifiwa na wengi. Tuliagiza nje reli za sakafu, vipande vya sakafu na vizingiti, vinatengenezwa upya siku hizi kwa sababu Z zina wapenzi wengi duniani. Fundi akakata vizingiti vyote viwili kwa siku moja, gari imekaa kwenye jeki, bila kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango kwanza. Hii gari haina fremu ya chini kama Land Rover, bodi ndiyo fremu, ukitoa kizingiti na reli zimeoza inajikunja. Mlango wa kushoto ukaanza kugusa nyuma. Nilipofika kazi nikaisimamisha.

Tukahamisha gari kwa fundi wa pili, mtu wa makamo anayefanya kazi polepole na hapendi kuharakishwa. Yeye aliweka gari kwenye stendi za usawa, akapima kona kwa kona chini ya gari akilinganisha na michoro ya kiwanda, akachomelea vyuma vya msalaba kwenye milango, akavuta kidogo kidogo, ndipo akaanza upande mmoja mpaka ukaisha kabla hajagusa wa pili. Alichomelea kwa MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi), nukta nukta, akiruka huku na huku bati isipate joto sehemu moja. Mchanga wa presha aliutumia chini ya gari tu, boneti na paa alizitoa rangi kwa dawa na kwa mkono kwa sababu mchanga unapinda bati pana. Ndani ya vizingiti na reli akapuliza nta kabla ya kuziba, na matundu ya kutolea maji akayaacha wazi, wengi huyaziba na fila halafu wanashangaa kutu imerudi.

Injini ilikuwa imekamata. Tulimwaga mchanganyiko wa dizeli na ATF (mafuta ya giaboksi za otomatiki) kwenye matundu ya plagi tukaiacha ilowe, tukawa tunaijaribu kwa spana ndefu bila kulazimisha, ikasogea. Tulipofungua tukaona kilichoiua. Hedi ya L24 ni ya aluminiamu na bloku ni chuma, mzee alikuwa anajaza redieta maji ya kisima cha chumvi, njia za maji kwenye hedi zilikuwa zimelika na kifuniko cha cheni cha mbele kimetoboka. Hii ni kawaida kabisa Pwani na haihitaji miaka mingi. Hedi ilijazwa kwa kuchomelewa aluminiamu ikasawazishwa, bloku ikaboriwa kupokea pistoni za ovasaizi kutoka 83 mm za kiwanda, cheni ya taimingi ikabadilishwa na gaidi zake. Tapeti tuliziweka ikiwa baridi, 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutoa. Kulanti ya kweli imetiwa, na mama amepewa galoni iliyochanganywa tayari ili asije akatia maji ya kisima.

Kabureta ya pili tuliinunua nje, halafu tukagundua haifanani na yetu, ilitoka kwenye gari ya 1973 ya kabureta za juu bapa. Ikarudi, tukanunua jozi nzima ya zile za juu mviringo. Ile hela ya kwanza ya usafirishaji haikurudi.

Kilichotuchelewesha kuliko vyote ni kitu kimoja kidogo, pini ndefu zinazoshikilia mikono ya chini ya nyuma. Zinakamata kwa kutu ndani ya mguu wa shoku, ni ugonjwa wa Z zote duniani. Ukipiga nyundo kichwa kinachanua, ukichoma moto unaharibu bushi na unaweza kuharibu mguu wenyewe. Fundi alizilowesha kwa mafuta kila siku akatumia presi ya haidroliki, moja ikatoka, ya pili ikakataa, ikabidi ikatwe pande mbili na kutobolewa katikati. Mpya zimepakwa grisi.

Matokeo

Gari sasa ni nyeupe, ina L24 yake, imepita ukaguzi na imehamishiwa kwa jina la dada mkubwa kwa niaba ya familia, kwa karatasi za mahakama, na namba yake ya zamani imebaki. Gharama yote imefika 430. Katika kila 100 ya hiyo, kama 55 zilikwenda kwenye bodi na rangi, 25 injini na kabureta, zilizobaki ni breki, miguu, umeme na vitu vidogo.

Mthamini wa bima alipoona mwaka wa gari mara ya kwanza alitaka kuandika thamani ya chini sana, kwa sababu fomula yake inashusha kila mwaka. Tulimpa faili: picha za kila hatua, risiti, picha za namba za chasisi na ya injini, na mauzo ya HS30 nilizolinganisha nazo. Baada ya mazungumzo wakakubaliana thamani iliyoandikwa kwenye mkataba, 700, itakayopitiwa kila mwaka. Makampuni mengi hukupa bima ya watu wengine tu kwa gari ya umri huu, kwa hivyo hilo peke yake lilikuwa ushindi.

Kitinda mimba alilipwa fungu lake na ndugu zake kwa msingi wa 220, siyo 100, baada ya kukata mkopo wake.

Uchambuzi

Ukijumlisha 220 na 430 unapata 650, na bima imeandika 700. Faida ni nyembamba na mtu anayefikiria kurudisha 240Z kama biashara aiangalie hiyo hesabu kwa makini, kwa sababu hapa kazi ya mikono ni nafuu kuliko Ulaya na bado ilibaki kidogo hivyo. Hela kubwa iliokolewa kabla ya spana ya kwanza, pale walipokataa 100 kwa kitu cha 220.

Kilichofanya kazi vizuri ni mpangilio: sheria kwanza, namba pili, bati tatu, injini mwisho. Familia nyingi huanza na injini kwa sababu gari ikiwaka moyo unafurahi, halafu hela inaisha na injini mpya imekaa kwenye bodi inayooza. Kingine ni kuuliza wazee wa nyumbani. Mimi na tochi yangu nisingeipata L24, mama ndiye aliyekuwa anajua.

Kilichofeli ni kumchagua fundi wa kwanza kwa sifa ya rangi. Alikuwa anajulikana kwa kumaliza gari ziking'aa, na hakuna aliyemuuliza amewahi kubadilisha vizingiti vya gari ngapi na anazishikilia vipi. Swali hilo moja lingeokoa karibu 40 kati ya ile 430. Mlango wa kushoto bado una uwazi mpana kidogo juu kuliko chini, mtu asiyejua haoni, lakini jaji wa Concours, yale mashindano ya uzuri wa magari pale Ngong Racecourse, ataona, na nimeuandika kwenye faili ya gari ili mnunuzi yeyote wa baadaye aambiwe na wenyewe kabla hajagundua.

Kununua kabureta bila kuangalia mwaka pia kulitugharimu. Picha ya juu ya kabureta ingetosha.

Kuhusu hadithi ya Safari, bado naamini ilikuwa sahihi kuiua mapema. Kama wangeiuza kwa hiyo stori wangepata zaidi siku moja, halafu mnunuzi angeonyesha chasisi kwa mtu anayejua na kesi ingerudi kwa mjane. Na kuikana hakukuwapunguzia kitu. Gari iliyouzwa Kenya ikiwa mpya, ikabaki Kenya, namba yake ya zamani, injini yake, rangi yake, ina historia ya kweli inayokaguliwa kwenye karatasi, na wanunuzi wakubwa wa Z hulipia hiyo.

L28 ya Patrol imepakwa mafuta na kuzibwa matundu, iko stoo pale pale ilipokuwa L24. Kuna mtu wa Patrol ameshaiulizia, na kwa kuwa magari mengi ya zaidi ya miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa Kenya, injini nzima ya aina hii haitapungua bei karibuni. Dada mkubwa amesema itauzwa tu kama breki za nyuma zitahitaji ngoma mpya, na fundi amepima za sasa, bado zina unene wa kutosha.